Kutoka Mbagala hadi Daraja la Umoja: siku sita kusini, nikilitafuta jibu la baba

Septemba 2022 nilikuwa sebuleni na baba tukitazama taarifa ya habari. Rais Samia alikuwa Maputo, na mbele yake na Rais Filipe Nyusi wa Msumbiji zilitiwa saini hati mbili: moja ya ulinzi na usalama, nyingine ya utafutaji na uokoaji. Makofi, bendera, watu wakabadilishana mafaili. Baba ni askari mstaafu wa JWTZ, na alikuwa Msumbiji mwaka 1987 na 1988. Aliuliza jambo moja tu: "Na daraja je? Limeshaanza kupitisha mizigo?" Alimaanisha Daraja la Umoja, lile la mto Ruvuma kati ya nchi zetu mbili.

Sikuwa na jibu. Nafundisha Historia sekondari, kila mwaka nasimama mbele ya darasa nikieleza nchi za mstari wa mbele, Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyokaa Dar es Salaam tangu 1963, na FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kilichozaliwa mji huu huu tarehe 25 Juni 1962. Ila kusini ya Rufiji nilikuwa sijawahi kukanyaga. Mei 2025 Rais Daniel Chapo wa Msumbiji alipokuja kwa ziara ya kitaifa, na mazungumzo yakawa tena ni biashara na usalama, swali la baba likanirudia. Likizo ilipofika nilifunga begi. Haya nimeyapanga upya nyumbani, kutoka kwenye daftari na picha za simu.

Siku ya 1, Jumatatu 30 Juni 2025: Dar es Salaam hadi Mtwara

Nilikata tiketi Mbagala Rangi Tatu kwa shilingi 35,000, basi likaondoka saa 12 na robo asubuhi. Msumbiji ilikuwa imetimiza miaka 50 ya uhuru siku tano tu nyuma, nami nilikuwa bado nina makala za magazeti kwenye begi.

Hadi Kibiti hakuna la kusimulia. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji ndilo lililonifanya nisogee dirishani. Lilifunguliwa 2003, na mzee aliyeketi jirani yangu aliniambia kabla yake walilala hapo kwenye foleni ya kivuko, wakati mwingine siku mbili, na watoto na kuku. Aliniambia hivyo akiwa amelikazia macho daraja mpaka likaishia nyuma yetu.

Somanga tulipewa dakika 20 za kula. Samaki wa kukaanga na wali, 6,000. Hapa ndipo mafuriko na kimbunga Hidaya, Mei 2024, vilipoikata barabara na kusini yote ikatengwa na Dar. Mafundi walikuwa kazini kwenye madaraja, magari yanapishana kwa zamu, tukasubiri karibu dakika 40.

Baada ya Nangurukuru mkanda wa injini ukakatika. Saa mbili na nusu kando ya barabara, jua la mchana, kivuli cha mwembe mmoja kwa abiria hamsini. Kutoka nyumba ya jirani akaja mama mmoja na ndoo ya maji na sinia la mihogo ya kuchemsha. Nilipotoa noti alinirudishia mkono: "Mwanangu, mihogo hii si ya kuuza. Nimeona watoto wanalia." Akasimama nasi mpaka fundi alipomaliza, ndipo akachukua ndoo yake.

Tuliingia Mtwara saa 2 na nusu usiku. Gesti 25,000, safi, maji yapo.

Kwa atakayepita: beba maji ya kutosha na chakula kidogo hata kama unajua basi litasimama. Na usivae nguo yoyote yenye mabaka ya kijeshi. Ni kosa kwa raia popote nchini, na kusini, karibu na mpaka, hutapata mtu wa kukuelewa.

Siku ya 2, Jumanne 1 Julai: Naliendele

Hii ndiyo siku niliyoiogopa. Baba ana rafiki wa ujana ambaye hakurudi, na kwetu jina lake hutajwa mara moja kwa mwaka, Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Nilichukua bajaji, 10,000 kwenda na kurudi, kijana akakubali kunisubiri.

Makaburi ya mashujaa ya Naliendele yako nje kidogo ya mji, njia ya Newala. Usiingie tu. Nilijitambulisha, nikaacha kitambulisho, nikaeleza nimetumwa na nani. Askari aliyenipokea alikuwa mdogo kuliko wanafunzi wangu wa kwanza. Alipojua baba alikuwa Msumbiji aliacha kuniita "mwalimu", akaniita "dada", akanitembeza mstari kwa mstari bila haraka. Simu aliniomba niiweke begini, nikaiweka.

Kwenye vitabu vyetu habari hii ni aya mbili. Baada ya uhuru wa Msumbiji mwaka 1975 vita vya waasi wa RENAMO vilikuja kuila nchi. Rais Samora Machel akafa katika ajali ya ndege Mbuzini, Afrika Kusini, tarehe 19 Oktoba 1986. Tanzania ikapeleka askari kusaidia, wakarudi mwishoni mwa 1988. Hapo kwenye mistari ya makaburi aya ile ya pili inachukua muda mrefu kuisoma. Rafiki wa baba nilimkuta. Nilisafisha jiwe kwa kitambaa, nikang'oa majani mawili yaliyoota pembeni, nikasema niliyoagizwa kuyasema.

Jambo moja nililijua tangu zamani lakini sikuwahi kuliweka pamoja na hilo: tarehe 28 Desemba 1988 Tanzania na Msumbiji zilitia saini makubaliano ya mpaka wao wa baharini. Yaani mwaka ule ule askari wetu waliporudi kutoka kulinda nchi ya jirani, serikali hizo mbili zilikaa mezani zikakubaliana maji ya nani yanaishia wapi na ya nani yanaanzia wapi. Nchi nyingi huweka mpaka kwanza, urafiki baadaye. Sisi tulikuwa tumeshapoteza watu ng'ambo kabla ya kuchora mstari wa bahari. Nadhani hilo linaeleza kwa nini ule mstari haujawahi kutugombanisha.

Naliendele hiyo hiyo kuna kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Naliendele, kinachojulikana kwa korosho. Wataalamu wa nchi nyingine za Afrika huja hapo kujifunza. Sikuingia, nilikiona kwa nje tu, lakini nilikaa kwenye bajaji nikifikiri: makaburi ya askari na vitalu vya miche ya mikorosho, eneo moja. Ushirikiano wa ulinzi na ushirikiano wa uchumi havijatenganishwa hata na mwendo wa bajaji.

Jioni nilikwenda sokoni kutafuta ming'oko. Ni viazi vya porini, vyembamba, vinachemshwa na chumvi, unamenya kwa vidole huku vimoto. Fungu la shilingi 1,000 lilinitosha. Mama muuzaji alinifundisha kumenya: unabana ncha moja, unavuta ganda lote mara moja kama soksi. Mimi lilikatika kila mara, akanimenyea yeye manne ya mwisho.

Siku ya 3, Jumatano 2 Julai: Mtwara hadi Masasi

Kosta, 12,000, kupitia Mnazi Mmoja na Ndanda. Ilisimama kila penye mti na mtu.

Mnazi Mmoja tulikaa karibu saa nzima kusubiri abiria. Vijana wawili walikuwa wakitoka kupuliza salfa kwenye mikorosho, mashine imefungwa nyuma ya pikipiki. Huu ndio msimu wake: unga wa salfa unapulizwa kuzuia ukungu usiue maua, na kazi hufanywa alfajiri kabla upepo haujaanza. Mmoja alikuwa amejifunga kanga usoni, zimebaki kope tu, na kope zote mbili zilikuwa za njano. Alipopangusa mkono kwenye suruali, mkono ukabaki vile vile. Nilimuuliza kama hajui kuna barakoa. "Ipo, mwalimu, lakini moja, na tuko wawili. Leo zamu yake." Mwenzake kweli alikuwa nayo shingoni. Walinihesabia gharama za ekari moja, mifuko ya salfa, mafuta ya mashine, kibarua, halafu bei ya mnada ambayo hawaijui mpaka Oktoba. Ng'ambo ya Ruvuma, wakasema, binamu zao wana mikorosho hiyo hiyo na ukungu huo huo.

Masasi nilifika alasiri. Mji umekaa katikati ya vilima vya mawe makubwa, na jua likizama mawe yanageuka rangi ya chungu kipya. Gesti 20,000. Wali maharage na kisamvu 3,000, na mwenye kibanda akaniongeza kisamvu bila kuombwa.

Siku ya 4, Alhamisi 3 Julai: Nachingwea

Kwenda 5,000, kurudi 5,000, vumbi la kutosha. Funga begi lako ndani ya mfuko wa plastiki.

Nachingwea ilijengwa juu ya ndoto ya Waingereza ya karanga, ule mradi ulioanza 1947 na kufa 1951. Mashamba yalipewa namba, na ndiyo maana sehemu ninayoifundisha kila mwaka inaitwa Farm 17. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania iliwapa FRELIMO eneo hilo wafundishie wapiganaji wao. Vita vyenyewe vilikuwa vimeanza tarehe 25 Septemba 1964, ng'ambo ya mto. Samora aliishi na kufundisha hapa. Mei 1975 alivuka Ruvuma akaanza safari ndefu ya kwenda Maputo kutangaza uhuru.

Leo eneo lina shule ya sekondari. Nilipiga hodi ofisini, walimu wenzangu wakanipokea kama mgeni wa siku nyingi, chai ikaja kabla sijaeleza nilichofuata. Mmoja wao akampigia simu mzee wa jirani.

Mzee alikuja kwa baiskeli, akaiegemeza mti, nikamwamkia. Alipokuwa na miaka kama kumi alikuwa akiuza mayai kambini. Alijua "bom dia", habari za asubuhi ya Kireno, kabla hajajua kusoma. Alichonisimulia hakikuwa vita. Alikuwa na kidonda mguuni, cha miezi. Msichana mmoja wa FRELIMO, mhudumu wa afya, alimwita langoni, akamsafisha kwa maji ya moto na chumvi, akamfunga bandeji, akamwambia arudi kila baada ya siku tatu. Alirudi mara saba. Mzee akavuta suruali mpaka chini ya goti akanionyesha: kovu la ukubwa wa sarafu, limelainika, linang'aa kidogo kuliko ngozi nyingine.

"Mnafundisha kwamba sisi tuliwasaidia," akasema. "Ni kweli. Lakini huu mguu ni wao walioutibu, mwanangu. Liandike na hilo."

Nimeliandika. Na ni kweli zaidi ya mguu mmoja, kwa sababu FRELIMO ilikuwa na hospitali yake Mtwara, na shule Tunduru. Samora na mpiganaji mwenzake Josina walioana Tunduru mwaka 1969, na Filipe Nyusi, yule aliyesimama na Rais wetu Maputo mwaka 2022, alisoma utotoni katika shule hiyo ya FRELIMO. Watu wawili wakikaa mezani kuzungumza ulinzi, na mmoja wao alijifunza kusoma kwenye ardhi ya mwenzake, mazungumzo hayaanzii ukurasa wa kwanza wa ajenda.

Nilitaka kulipa nauli ya mzee, akaonyesha baiskeli.

Siku ya 5, Ijumaa 4 Julai: Mtambaswala na mto

Masasi hadi Mangaka 5,000, na kutoka Mangaka hadi Mtambaswala mchomoko wa abiria saba tuliokuwa kumi, 6,000. Lami mpaka mpakani, njia nzuri kuliko nilivyotarajia. Ondoka alfajiri. Magari ya kurudi huwa machache baada ya saa 9 alasiri, na malazi Mtambaswala ni ya kubahatisha.

Nilijitambulisha uhamiaji. Afisa, mtu mzima mwenye miwani, alisikiliza habari ya baba mpaka mwisho, akaangalia pasi yangu, akasema naweza kutembea darajani na kurudi, nisipige picha ya kizuizi wala ya askari wa pande zote mbili. "Mto piga utakavyo." Kijana wa bodaboda aliyenileta alisema atanisubiri. Alinisubiri kwa muda wa saa tatu, hakuongeza senti.

Daraja lina urefu wa mita 720. Nyerere na Samora walilizungumza mwaka 1975. Jiwe la msingi liliwekwa 2005. Jakaya Kikwete na Armando Guebuza walilifungua tarehe 12 Mei 2010, kwa fedha za serikali hizi mbili. Wanafunzi wangu huikariri tarehe, lakini ile miaka 35 hawaioni. Nilipofika katikati niliweka mkono juu ya ukingo, zege lilikuwa limepata joto, na chini Ruvuma ya kiangazi ilikuwa vijito vitatu vyembamba kati ya michanga mipana. Upande wetu mama alikuwa akifua, upande wa Msumbiji mama alikuwa akifua, na walikuwa wakiongea. Sauti zilipanda mpaka juu. Kimakonde.

Mto huu huu nimeufundisha kwa majina mengine. Ndege za Wareno ziliruka juu yake kupiga vijiji vyetu kwa sababu tuliwahifadhi wapiganaji. Oktoba 2020 wavamizi kutoka Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, walivuka wakashambulia Kitaya, upande wa Mtwara. Julai 2021 nchi za SADC zilipeleka kikosi Cabo Delgado, Watanzania wakiwemo, na kikosi hicho kilimaliza muda wake Julai 2024. Ukisimama pale huoni kwa nini mtu angeita ulinzi wa Msumbiji jambo la nje.

Nilikaa upande wetu wa daraja kwa muda mrefu, nikafanya alichoniagiza baba: nikahesabu. Ndani ya saa tatu yalipita malori manne, pikipiki nyingi, na watu kwa miguu wasiokatika. Pikipiki zilikwenda na sabuni, biskuti, magodoro. Malori mawili yalitoka ng'ambo na magunia ya mbaazi.

Mama mmoja aliyekuwa amevuka kutoka Negomano, ng'ambo ya daraja, alikaa karibu nami kupumzika, akaweka chini mzigo wa vitenge. Kiswahili chake kama changu, ila akihesabu pesa anahamia Kireno.

"Kwa mume wangu ni huko, kwa mama yangu ni hapa," akasema. "Navuka kila wiki."

"Na biashara?"

"Inategemea habari za Mueda, kule Cabo Delgado, dada. Kukiwa kimya nauza. Wakisema wameonekana watu msituni, wateja wanakimbia, mzigo unanilalia ndani."

Akafungua vitenge vyake akanionyesha kimoja kilichobaki tangu mara ya mwisho, kimekunjika mistari ya kukaa muda mrefu kwenye gunia. Nilikinunua, 8,000.

Darasani nimekuwa nikifundisha "ushirikiano wa kijeshi" na "ushirikiano wa kiuchumi" kama vichwa viwili vya habari, alama tano kwa kila kimoja. Kwa mama huyu ni kitu kimoja, na kipimo chake ni kitenge hicho. Tume ya Pamoja ya Kudumu ya nchi zetu inapokaa, naamini swali la kwanza kwa mawaziri wa ulinzi lingekuwa mzigo umelala siku ngapi Negomano, na swali la kwanza kwa mawaziri wa biashara lingekuwa vijana wa ng'ambo wana kazi gani ya kufanya mbali na kuchukuliwa msituni. Upande wa ulinzi tumekwenda mbali, na tumelipa kwa watu. Upande wa uchumi zege lipo, imara, na linasubiri. Hili linaniuma, kwa sababu nimetoka kuyaona makaburi siku tatu kabla.

Kwa atakayevuka: beba pasi, si kitambulisho tu, ubadilishe kiasi kidogo cha metikali, na uulize hali ya usalama siku hiyo hiyo kwa maafisa wenyewe. Mimi sikwenda zaidi ya daraja. Nchi zote mbili huendesha kushoto, kwa hiyo dereva hatababaika.

Siku ya 6, Jumamosi 5 Julai: kurudi

Masasi hadi Dar kwa basi la alfajiri, 38,000. Nililala karibu njia nzima. Jumla ya safari, pamoja na chakula na zawadi, ilikuwa kama 290,000.

Baba alikuwa hajalala. Nilimpa kwanza habari ya Naliendele, jiwe, mstari, majani niliyong'oa. Alikaa kimya, nami nikakaa kimya. Halafu nikafungua picha ya mto kutoka katikati ya daraja. Akaivuta karibu, akaikuza kwa vidole viwili kwenye michanga, akaisogeza polepole mpaka ng'ambo.

"Malori ulihesabu?"

"Manne, baba. Saa tatu."

"Yamebeba nini?"

"Mawili mbaazi. Mengine yalikwenda yamefunikwa turubai, sikuona."

Akaniambia niisafishe picha studio, na nyuma yake niandike tarehe na namba hiyo, manne. Nimeiandika kwa kalamu ya wino. Mwakani, akasema, nikahesabu tena.